Kuwamba Mgongo wa Kiti

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika sindano. Nilifika Changamwe asubuhi, kwenye karakana ya viti vya malori, nimevaa gauni la kanisani na mkasi wangu mwenyewe mkobani, maana nilikuwa nimefundishwa kushona na mama mdogo kule Rabai na nilijiona fundi kamili. Foromani, yaani msimamizi wa mafundi, alikuwa mzee wa Kimvita mwenye kofia nyeupe na sauti ya chini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanionyesha kiti kibovu cha dereva kilichong'olewa kwenye lori.

"Keti hapo, binti."

"Abee?"

"Keti. Adhuhuri n'takuja kukuuliza waumwa wapi."

Nikaketi. Wanaume wote wa karakana walipita mbele yangu wakicheka, nami nikiwatazama kwa jicho la kuwaambia tutaonana. Adhuhuri Foromani alikuja, nikamwonyesha: hapa kiunoni, upande wa kulia, na hapa chini ya kombe la bega. Alichana kitambaa kwa kisu pale pale nilipogusa, na ndani tukakuta sponji imekufa, imekuwa unga. "Haya, sasa shona," akasema. Ndivyo nilivyojifunza kwamba kiti hakipimwi kwa macho. Mgongo ndio unaojua.

Kazi ya viti vya malori niliifanya miaka mingi, na niseme bila haya kwamba niliijua vizuri. Nilijua turubai, kile kitambaa kizito kisichopitisha maji, hupasuka kwenye matundu ya mshono kabla uzi haujakatika. Nilijua dereva mnene huua springi za kulia kwa sababu ndiko anakopandia. Madereva walinitania kwamba nitaolewa na kiti, nami nikawaambia kiti angalau hakikoromi. Lakini kazi ninayotaka kuwasimulia ninyi vijana ni ile iliyokuja baadaye, nilipohamia Likoni.

Huko niliajiriwa kwenye karakana ya viti vya magurudumu, iliyokuwa ubavuni mwa zahanati moja. Bosi wangu wa huko tulimwita Mkuu wa Karakana. Alikuwa mhandisi kutoka bara, mrefu, shati limepigwa pasi hata siku ya kuchomelea, na hakuna chombo kilichotoka mlangoni mwake kabla hajakikagua kwa macho yake mwenyewe. Kiswahili chake kilitupa raha sisi watu wa pwani, lakini kazi yake ilikuwa safi. Tulipatana na kugombana kila siku, na siku tusipogombana wenzetu waliuliza nani mgonjwa.

Kiti cha magurudumu wakati ule kilikuwa kitu cha kawaida tu: fremu ya mabomba, kitambaa cha kukalia, na kitambaa cha mgongo kilichotandazwa baina ya nguzo mbili. Ubaya wake ni kwamba kitambaa cha mgongo hubonyea. Mwenye kiti huanza kuzama nyuma, kiuno kinateleza mbele, mabega yanafunga kifua, na mwisho anakaa kama mtu aliyemwagwa humo. Sisi dawa yetu ilikuwa kubadilisha kitambaa. Baada ya miezi kadhaa, mtu yule yule anarudi na shimo lile lile.

Akaja Bi Zuhura. Alikuwa fundi wa hina wa mtaa wa Shika Adabu, na nikisema fundi nina maana bibi harusi walikuwa wakimngojea yeye kwanza ndipo waite watu. Alianguka kwenye ngazi akaumia uti wa mgongo. Miguu ikafa ganzi, na kiwiliwili nacho kikawa hakimshiki tena: asipojizuia, huanguka ubavu. Dadake, Mwanaisha, ndiye aliyemsukuma hadi kwetu. Mkono wa kulia wa Bi Zuhura ulikuwa umetulia mapajani. Wa kushoto ulikuwa umeng'ang'ania bomba la kiti hadi vifundo vimekuwa vyeupe.

Mkuu wa Karakana akaanza kukagua magurudumu. Bi Zuhura akamkatiza.

"Baba, magurudumu hayana neno. Nitazameni mkono huu. Kutwa kucha umeshika kiti, nikiuwata naanguka. Na hina ni kazi ya mikono miwili: mmoja washika mguu wa bi harusi, mmoja wachora. Sasa mimi n'na mmoja. Mguu watetemeka, ua lapinda. Maharusi wameanza kwenda kwa wengine."

"Na sasa?" nikamuuliza.

"Sasa huyu Mwanaisha yuwamwoza bintiye. Kanambia nichore mimi, na mimi nimeshaitikia. Watu wote wa Likoni watakuwapo. Nikiharibu pale, wallahi, sina kazi tena. Sikuja kutaka kiti, dada. Nimekuja kutaka mkono wangu."

Mwanaisha aliinamisha uso akafuta macho kwa ukingo wa mtandio. Mimi, kwa kuwa sipendi kulia mbele ya wateja, nikawafokea vijana waliokuwa wakipaka fremu rangi, bila kosa.

Jaribio la kwanza lilikuwa la chuma. Mkuu wa Karakana alitaka mgongo unaolazwa na kusimamishwa kwa wenzo, kama kiti cha lori, na mimi nilijua mahali pa kuupata mtambo wake wa meno. Tukaufunga, mgongo tukaupandisha hadi mabegani. Bi Zuhura alipolazwa alisema ni raha kama kitanda cha hoteli, kisha akanyoosha mkono kuufikia mguu wangu nilioutanguliza badala ya wa bi harusi. Haukufika. Mgongo mrefu ulimzuia mabega, na mtambo ulimvuta nyuma. Alipotaka kuinuliwa, meno yakaiuma buibui yake ikachanika.

"Nimetaka kazi," akasema, "ninyi mmenipa usingizi."

Mimi na Mkuu tulishindana siku ile mpaka chai ikapoa. Yeye alitaka chuma zaidi, mimi nilitaka kitambaa zaidi. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwisho nikamwambia anipe mwisho wa juma, nikaenda zangu Rabai kumwona mama.

Mama alikuwa bado analalia kitanda cha kamba, na kamba zilikuwa zimelegea. Nilivyoingia tu, kabla ya maji ya kunywa, akaniambia: "Kadzo, niwambie kitanda, mwanangu, nalala shimoni." Kuwamba ni kuvuta kamba juu ya fremu hadi ikaze. Nikaketi chini nikaanza kuvuta, kamba moja, nyingine, nyingine. Hapo mikono yangu ikasimama. Kitanda kikibonyea hakuna anayekitupa wala kukibadilisha kamba. Kamba ni zile zile, zinakazwa. Kwa nini mgongo wa kiti usikazwe? Mama akaniuliza kama nimeshikwa na kichomi.

Jumatatu nilikata mikanda ya usalama ya malori, kwa sababu hainyumbuki. Nikaipanga kuanzia kiunoni hadi chini tu ya kombe la bega, mabega yabaki huru, na kila mkanda nikautia bizimu yake kwa nyuma, ile ya kukaza na kulegeza. Juu yake nikatandika kitambaa laini. Kisha nikaikaza yote kwa nguvu zangu zote, kama ninavyowamba kitanda, ikalia ilipopigwa kidole. Nilijisifu sana.

Bi Zuhura alipoketi ilimsukuma mbele kama mlango.

"Dada Kadzo, umewamba ngoma! Mimi n'na mgongo, si ubao!"

Hilo ni kosa la mtu aliyezaliwa na vitanda vya kamba. Kitanda hulala yeyote, ndiyo maana hukazwa sawasawa. Kiti hiki kilikuwa cha mtu mmoja, na mgongo wake ulikuwa na mabonde na vilima vyake. Nikapiga magoti nyuma yake nikalegeza mikanda yote, kisha nikaanza upya kutoka chini, yeye akisema, mimi nikivuta.

"Hapo kiunoni kaza. Kaza. Kaza, usinionee haya. Basi. Huo wa juu legeza. Zaidi. Upande wa kushoto wanitupa... ehe. Hapo. Usiguse tena."

Niliinuka nikazunguka mbele. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umeshika bomba, kwa mazoea tu. Aliulegeza kidole kimoja kimoja, akauinua, akauweka mapajani pamoja na mwenzake. Hakuanguka. Wanaume waliokuwa wakikata mabomba walizima mashine, na safari hii sikuzuia machozi, wala sikumfokea mtu.

Nilidhani tumemaliza. Mkuu wa Karakana akasema bado, na hapa nampa haki yake. Bi Zuhura alihitaji kuegemea nyuma kupumzika baina ya mguu na mguu, na kuja mbele kidogo wakati wa kuchora. Mkuu alichomelea mabamba mawili yenye matundu, kila upande moja, ukichomoa pini na kuitia tundu jingine mgongo unabadilika mlalo. Hakuna meno ya kuuma buibui. Kisha akaweka gunia la mchanga kitini, akatia pini tundu la nyuma, akakisukuma hadi kwenye mteremko wa kuingilia zahanati. Magurudumu ya mbele yalinyanyuka, kiti kikapinduka, mchanga ukamwagika.

"Mama, unaona?" akaniambia, ametulia kabisa. "Ukilaza mgongo, uzito inarudi nyuma. Hapa Likoni kila njia inapanda ama inashuka. Hii kiti ingemuua."

Aliyarudisha nyuma magurudumu makubwa, akajaribu tena, na tena, hadi gunia likakaa. Mimi peke yangu nisingeliona jambo hilo.

Siku ya hina ikafika. Mkuu alivaa suti. Alitaka, kama desturi yake, kuiona kazi kwa macho yake. Nilimkumbusha kwamba hina ni ya wanawake na mwanamume haingii. Alikunja uso, akakaa barazani na wazee wa nyumba, wakampa kahawa na tende.

Ndani chumba kilijaa udi na vigelegele. Bibi harusi tulimpandisha juu ya kitanda, mto chini ya nyayo, ili miguu ilingane na kiti. Bi Zuhura akanitazama. Nikachomoa pini, nikaitia tundu la mbele. Wanawake wakasogea karibu, maana wote walikuwa wanajua kilichompata na wengine walikuwa wamekuja kutazama hilo hasa. Simu yangu ikalia. Alikuwa Mkuu, huko nje.

"Mama, mkono ya kushoto iko wapi?"

"Umeshika mguu wa bi harusi."

"Na kulia?"

"Una koni ya hina."

"Kiti?"

"Kiti hakijashikwa na mtu."

Mkuu akakata simu. Baadaye wazee walinisimulia kwamba aliweka simu mezani, akaomba kahawa nyingine, akainywa kwa haraka akaunguza ulimi. Bi Zuhura alichora hadi magotini, ua juu ya ua, na mstari haukupinda.

Baada ya pale tuliwamba migongo ya watu wengi: wa Kisauni, wa Bamburi, hata wa mbali. Kila mmoja niliketi nyuma yake nikamsikiliza. Leo viti vinakuja kwenye makontena vikiwa na kila kitu cha kurekebisha, na vijana wanaowafunga watu humo wana vipimo vizuri kuliko vyangu. Sina kinyongo. Ninachowaomba ni kidogo: kabla hujakaza, muulize mtu anataka kufanya nini na mikono yake. Wengi huuliza anaumwa wapi, wakaishia hapo. Mimi pia ndivyo nilivyofundishwa, na haikutosha.

Nilipostaafu, karakana ilinifanyia pilau na hotuba. Mkuu alizungumza kirefu na akakosea jina la babangu. Kisha Bi Zuhura alikuja na kiti chake, mikanda nimeibadilisha mara kadhaa lakini mabamba ni yale yale, akakisimamisha mbele yangu, bakuli la hina mapajani.

"Lete mikono, dada."

"Mimi? Bibi kizee wa Rabai, kesho niende kanisani hivi?"

"Mungu hachukii maua. Lete."

Nikampa. Vidole vyangu vimepinda kwa sindano, ngozi ngumu kama turubai, nikaona haya kidogo. Akaanza kuchora. Ilichukua muda mrefu, watu wakala, wakaondoka, jua likahama dirishani. Sikulitazama ua hata mara moja. Nilikuwa nautazama mkono wake wa kushoto, umeushika wangu, umetulia, haukimbilii tena bomba la kiti.