Ubeti wa Tatu wa Bi Maleka

Mkimkuta Bi Maleka wa Bondeni amenuna, msimuulize habari za Vienna. Muulizeni bei ya vitunguu, muulizeni joto, lakini Vienna iwacheni. Watu wa mtaani wanadhani mwanamke aliyeimba kwenye jumba la dhahabu huko Ulaya yafaa atembee kifua mbele. Wallahi hawajui lililomkuta.

Kazi yake ni kuimba kwenye harusi za wanawake, yeye na mdogo wake Jannat anayepiga kinanda. Ameifanya tangu usichana wake, na sauti Mungu kamjaalia. Lakini nani humsikiliza? Harusini watu wanasogoa, wanarushiana vijembe, wanapitishiana sambusa juu ya wimbo wake. Ukiwakolea, ndipo huinuka kuja kutuza: huyu anamchomeka noti kichwani, yule anamvika leso, mwingine anamchezea mbele ya pua, na vigelegele juu yake hata mwenyewe hajisikii. Hiyo ndiyo heshima ya mwimbaji kwetu. Na wasipoinuka, mwimbaji mwenye akili hangoji kuaibika. Huukata wimbo katikati akaingia mwingine.

Sasa, kuna wimbo alioutunga mwenyewe, mwaka aliomuoza binti yake Sadaf, akachukuliwa na mumewe nchi ya mbali. Una beti tatu. Mbili ni za kumsifu bibi harusi, za kuchezeka. Wa tatu ni wa mama anayebaki nyumbani, na huo ndio hasa uliomfanya atunge. Haujapata kusikika. Kila ukifika ubeti wa pili, mama wa bibi harusi huinuka kutuza, ukumbi mzima ukamfuata, na wimbo ukafia papo hapo. Maleka hutabasamu, hushukuru, kisha akifika nyumbani masufuria hayapumui kwa kubamizwa. Jannat alimshauri auweke ubeti huo mwanzo, yaishe. Hataki katakata. Anasema mama hawezi kulia na binti hajatoka mlangoni.

Ndipo akatokea Emmah, msichana wa shughuli za utamaduni aliyewasikia kwenye harusi moja mtaa wa Buxton, hapa Mombasa, akawatafutia nafasi katika tamasha la nyimbo za harusi huko Vienna. Siku ya kwanza aliwazungusha kwenye majumba ya zamani ya maigizo na opera. Maleka alichoka shingo kwa kutazama juu. Ngazi za marumaru, taa za vioo kubwa kuliko chumba chake, vyumba vidogo vya kukalia watu wakubwa vimepangwa kuta nzima, ghorofa juu ya ghorofa. Jumba moja, waliambiwa, lilipigwa mabomu wakati wa vita likaungua, na wenyewe wakalijenga tena. Kwa ajili ya nyimbo tu! Emmah akawaeleza kwamba humo watu huja kusikiliza: hawali, hawasemezani, hata kukohoa wanaona haya. Maleka alimbana mdogo wake mkono. Hapa, alimwambia, ubeti wangu utafika mwisho.

Alasiri yao ilipofika, walipandishwa jukwaani kwenye mojawapo ya majumba hayo, dogo kidogo lakini dhahabu ni ile ile. Maleka akaimba ubeti wa kwanza. Kimya. Alikuwa ameambiwa, ndiyo, lakini kuambiwa ni kimoja na kusimama mbele ya nyuso zilizokutumbulia macho kama umewafia ni kingine. Hakuna aliyetikisa hata kichwa. Akaingia wa pili, jasho linamtoka kwenye baridi ile, na macho yake yakaenda mwisho wa ukumbi. Akaona watu wamesimama.

Wameinuka! Akapandisha sauti, akanyoosha mikono kuwapokea. Hawakuja. Walisimama pale pale wameshika chuma mbele yao, wanamtazama. Na kwetu, mtu akiinuka asije mbele, huyo anatafuta viatu vyake aende zake. Yarabi, wanaondoka. Maleka akampa Jannat ishara ya kidole, wakaukata wimbo, wakaingia mwingine wa haraka haraka ambao hata jina lake halina maana hapa.

Walipotoka, walimkuta Emmah nyuma ya pazia amejishika kiuno. Maneno ya wimbo, kumbe, yalikuwa yakitafsiriwa kwa maandishi ya taa juu ya kichwa cha mwimbaji, na ukumbi mzima ulikuwa umeshika pumzi kungoja mama wa bibi harusi naye atasema nini. Maleka akauliza kwa ukali, na wale waliokuwa wakiondoka?

"Hawakuwa wakiondoka, Bi Maleka," Emmah akasema. "Hizo ni nafasi za kusimama. Watu hupanga foleni tangu mapema, wakafunga skafu zao kwenye kile chuma wasinyang'anywe mahali. Hao ndio waliokupenda zaidi."

Maleka alitaka kurudi jukwaani, lakini kikundi cha nchi nyingine kilikwisha kuanza. Aliketi kwenye sanduku la vyombo akalia kwa hasira, na hasira yenyewe hakuwa na wa kumtupia ila yeye mwenyewe.

Alirudi nayo Mombasa. Harusi ya kwanza aliyoitwa ilikuwa ya shoga yake wa tangu chuoni, anamuoza kitinda mimba wake, ukumbi umejaa mpaka mlangoni. Maleka akaanza wimbo wake. Ulipofika ubeti wa pili, shoga yake akainuka kwa madaha, leso mpya mkononi, uso wote kicheko. Maleka akamwekea kiganja kifuani akamzuia.

"Kaa kwanza," akamwambia kwenye maikrofoni. "Haujaisha."

Ukumbi ukanyamaza ghafla. Sambusa zikabaki mikononi. Maleka akafumba macho, akauimba:

Nyumba nimeifagia, chumba chako sijafunga,
Kicheko nakiachia, na machozi nayachunga.

Aliuimba wote, neno kwa neno, na hakuna aliyekohoa. Alipofumbua macho alimtafuta mama mwenzake, maana maneno yale yalimhusu yeye. Shoga yake hakuwa ameketi. Alisimama pale pale alipozuiwa, leso ameikunja, na ilikuwa wazi kwamba tangu kile kiganja hakusikia kitu.

"Maleka," akasema, "mbele ya watu wangu wote hawa, mimi nimekukosea nini?"