Shingo Iliyosifiwa

Nilipoolewa mjini Koboko, mama mkwe alinivisha mkufu wa dhahabu ukalala juu ya mitulinga yangu. Siku hizo mitulinga ilionekana. Miaka ikapita, nikanenepa, na kwetu mke akinenepa anayesifiwa ni mume. Shangazi wa mume wangu, mwanamke mwenye mwili kama wangu, alinishika mashavu mbele ya wageni wa Idi akasema, "Bwana yako iko mtu. Angalia vile wewe nakula." Nami, mjinga wa kusifiwa, niliongeza sahani.

Mkufu ulipokataa kufunga, shangazi alicheka: ndoa imenikubali. Nikaupeleka Arua kwa sonara, akaurefusha.

Zahanatini nako hakukuwa na nafuu. Muuguzi aliangalia mizani kabla hajaniangalia mimi. "Mama, wewe iko mzito sana. Wacha mafuta." Goti likiuma, mafuta. Sauti ikikwaruza, mafuta. Chakula kikikwama kooni, mafuta vilevile. Alisema kweli kuhusu uzito, na hilo ndilo lililonifunga mdomo. Lakini hata siku moja hakunyoosha mkono akanigusa shingo.

Mwaka uliofuata mkufu ukabana tena. Sonara alinipima kwa uzi, kisha akapima upya. Akaniomba kwa adabu nisogeze ushungi mwenyewe, nijitazame kwenye kioo chake.

"Mama, watu wanene nawaongezea mkufu kila siku," alisema. "Mafuta nazunguka shingo yote. Hii yako iko upande moja. Enda kwa daktari, mkufu itangoja."

Nilimkasirikia. Fundi wa vidani ananifundisha mwili wangu? Hata hivyo nilikwenda hospitali siku ileile.

Daktari alisimama nyuma yangu, akaweka vidole shingoni, akaniambia nimeze mate. Kitu kikapanda na kushuka chini ya vidole vyake. Wakachukua nyama kwa sindano, na majibu yakarudi: saratani ya tezi ya shingo. Nilimwuliza kama ni unene ulioniletea. Alisema unene huongeza hatari ya saratani hii, lakini hawezi kuapa kwamba ndio ulionipa mimi, maana hata watu wembamba huipata. Nilitaka mtu mmoja wa kumlaumu, hakunipa.

Basi nimewalaumu wote, na mimi mwenyewe nikiwamo. Walionisifu waliuona mwili wangu, walionikaripia waliuona mwili wangu, na uvimbe ukakaa hapohapo mbele ya macho yao ukikua. Nimechoka kuambiwa nimshukuru Mungu na kunyamaza. Namshukuru Mungu, na bado nina hasira.

Tezi ilitolewa. Kila asubuhi nameza kidonge, na sauti yangu haijarudi yote. Shangazi alikuja kuniona na bakuli la nyama yenye samli. "Masikini, umekonda," alisema. "Watu watasema bwana yako hakulishi."

Nilimwomba akae kwenye mkeka na afungue ushungi. Nikapiga magoti nyuma yake, nikaweka vidole shingoni mwake.

"Meza mate, shangazi."

Alicheka, akameza. Nikamwambia ameze tena.

"Iko kitu?" Sasa hakuwa akicheka.

"Hakuna."

Nikalia kwa hasira, mikono yangu ikiwa bado shingoni mwake. Kumbe ni hivyo tu, kumeza mate mara mbili, na kwa miaka yote ile hakuna aliyenifanyia.