Kibaraza cha Madereva

Miaka ya elfu mbili ikielekea kwisha, nilikuwa dereva wa ofisi ya wasanifu majengo pale Al Sadd, ughaibuni katika nchi ya Kiarabu. Abiria wangu alikuwa msanifu wa Kifini, mzee mkimya aliyeletwa kuchora shule ya kujengwa Al Wukair. Kwao alishajenga maktaba na hospitali ndogo, majengo meupe yasiyo na pambo hata moja.

"Kwetu nilikuwa nalitafuta jua," aliniambia garini. "Hapa nalikimbia."

Adhuhuri moja aliniomba nimpeleke kwenye shule nyingine, aone wanafunzi wanavyotoka. Aliwaona madereva wenzangu, waliokuja kuwachukua watoto wa mabosi wao, wamesimama juani, wamejifunika magazeti kichwani. Tuliporudi ofisini alinikalisha kitini, akanipima kwa rula kutoka gotini hadi kisiginoni. Juma lililofuata mchoro wake ulikuwa na kibaraza kirefu kando ya ukuta, chenye paa, benchi la mbao na bomba la maji ya kunywa.

Mudiri, ndiye meneja wetu, hakukitaka. Alitaka mahali pale pawe na ukuta wa vioo, upendeze kutoka barabarani. Walibishana siku tatu. Siku ya nne, kikaoni, mzee akaomba niitwe.

"Mwulizeni yeye. Ndiye anayesubiri."

Mudiri akanigeukia. "Joto linakusumbua?"

Pasipoti yangu ilikuwa kwenye kabati lake.

"Hapana, bosi," nikasema. "Tumezoea."

Mzee alianza kukunja karatasi zake, taratibu, moja moja.

Aliacha kazi wiki ileile, akadai jina lake lifutwe kwenye michoro yote. Mimi ndiye niliyempeleka uwanja wa ndege. Nilipokuwa nashusha sanduku lake nikamwambia:

"Mzee, nisamehe. Nina watoto."

"Najua. Sikupaswa kukuita mbele yake."

Akanipa mkono. Afadhali angenitukana.

Shule ilijengwa, vioo vitupu. Haikupita muda mrefu mudiri akaleta dereva mwingine, na mkataba wangu ukaachwa uishe. Pasipoti nilipewa na karani mlangoni, hata kuketi sikukaribishwa.

Kazi nilishaisahau. Kinachoniuma ni lile "tumezoea". Ningesema "nimezoea", ningekuwa nimejidhalilisha peke yangu. Niliwasemea na wenzangu waliokuwa juani, na hakuna hata mmoja aliyenituma.