Majivu ya Msibani

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa harufu yake: moshi uliopoa na maganda ya ndizi uani. Tulikuwa msibani hapa Kishanda, kwa jirani yetu Mama Josefina, aliyekuwa amemzika mumewe. Watu walipoanza kuaga, mama mkwe wangu alimsogelea mfiwa, akamwomba majivu ya mafiga yote yaliyopikiwa.

Uani pakawa kimya.

Wakati huo nilikuwa bado bibi harusi, nimetoka kwetu Kagondo. Wadudu fukusi walikuwa wamemaliza migomba ya kibanja chetu, shamba letu la kando ya nyumba. Tulibakiwa na kipande cha bonde, udongo mweusi wa majani yaliyooza, unaobonyea ukiukanyaga. Watu walisema pale huota matete tu. Tulichimba mifereji, tukapanda mahindi. Yalifika magotini yakadumaa, ya njano. Ila pale tulipochomea rundo la matete, mashina machache yalisimama, kijani kabisa. Mama mkwe aliyatazama muda mrefu. Tangu hapo akawa anaomba majivu nyumba kwa nyumba.

Sasa shemeji wa Mama Josefina akamuuliza, "Majivu ya msibani unayapeleka wapi, mama?"

Unaelewa swali lile lilibeba nini. Mama mkwe alikuwa mjane, na mjane akishaitwa mchawi, hata kisimani huchota maji peke yake. Nilimvuta kitenge tuondoke. Hakuondoka.

"Nayapeleka shambani," alijibu, sauti ileile. "Udongo wa bondeni ni mkali, naona majivu yanaupoza. Kesho njoo uone. Na wewe Mama Josefina, kama unaona vibaya, basi."

Mama Josefina aliinua uso uliovimba kwa kulia. "Mpeni kapu," alisema. "Huyu amelala chini na mimi siku zote za msiba. Hawezi kunitakia mabaya."

Kesho yake shemeji alikuja kweli, akasimama kando ya mfereji, mikono kifuani. Mama mkwe alichanganya majivu na samadi iliyooza, akatia kiganja kimoja kila shimo, akafukia udongo kidogo, ndipo akaweka mbegu. Kisha yule bwana akaenda zake.

Mahindi yale, mwanangu, mpaka leo nikifumba macho nayaona. Yalitupita vimo. Watoto wa Mama Josefina waliyala ya kuchoma palepale bondeni, midomo myeusi, wakicheka kwa mara ya kwanza tangu wampoteze baba yao.

Msimu uliofuata, shemeji alifika na gunia la majivu kwenye baiskeli. Akalishusha, akavua kofia. "Mama, mimi nianzie wapi?"

Basi nawe, ukipata shamba bondeni, toa maji yaliyozidi lakini usilikaushe. Majivu yawe yamepoa, usiyamwage ovyo, na samadi iwe imeiva. Usiuchome ule udongo mweusi wenyewe, maana ukishaungua haurudi. Na watu wakikushuku kwa jambo jema, usijifiche wala usigombane nao. Waite waje waone.

Mungu abariki mikono yako, akupe mvua ya kiasi, na asikunyime jirani wa kukutetea siku utakaponyamaziwa na wote.