Nimefufua Crown ya baba mdogo kwa mikono yangu, ikampeleka dada Mikumi, halafu dari ikataka kuvunja ndoa

Wakuu wa jukwaa la magari, mliolala chini ya boneti na mnaomsubiri fundi aliyesema yuko njiani tangu asubuhi, nawasalimu. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo zenu.

Hii ninayoleta imenitokea mwenyewe. Chumvi mtakutana nayo, ni ugonjwa wangu tangu utoto, lakini huwa naiweka mahali pa kuonekana. Nyama yenyewe ni ya kweli.

Mimi ni mtu wa Kilosa mjini, nauza vifaa vya simu. Form four nimeimaliza ukubwani, shule ya jioni, nakaa dawati moja na mtu mwenye wajukuu. Physics nilipata D, Kiswahili nikapata B. Hiyo B ikumbukeni.

Sasa, baba mdogo wangu alifanya kazi ya miwa Kidodi miaka mingi. Alipokaribia kustaafu akajinunulia Crown, ile ya six cylinder, nyeupe lulu, viti vya ngozi, mbao kwenye dashibodi. Wakati huo akipita nayo mjini hapa, hata mbuzi walikuwa wanasimama pembeni kwa heshima.

Akaja nayo Kilosa, akaumwa miguu, akaipaki nyuma ya nyumba. Ikakaa miaka mitatu.

Wakuu, miaka mitatu! Kwenye buti kuku alikuwa ametamia. Panya walishaunda serikali ya mtaa na mwenyekiti wao. Vumbi la juu ya boneti ungeweza kupanda mahindi ukavuna gunia mbili.

Mwaka huu dada yangu Zuhura akachumbiwa na kijana wa Mikumi anaitwa Hemedi. Baba yetu hayupo, kwa hiyo baba mdogo ndiye mwenye harusi. Siku moja tumekaa barazani tunapanga usafiri, nikaropoka kwamba bibi harusi atakwenda na Crown.

Baba mdogo akanitazama kama nimeomba figo.

"Wewe? Na elimu yako ya jioni?"

"Mimi, baba."

"Haya. Iwashe. Ikimpeleka Zuhura Mikumi na ikaturudisha hapa bila kuzima njiani, ni yako, na kadi nakupa. Ikizima njiani hata mara moja, Jumatatu wenye vyuma chakavu wanakuja kuikata. Nimechoka kufuga kuku kwenye ngozi."

Shangazi alikuwepo, akashuhudia. Nilikuwa na wiki tano.

Naomba nieleze niliyofanya maana najua ndiyo mnayoyataka.

Kwanza nilihamisha kuku kwa amani. Betri mpya. Nikamwaga mafuta ya injini, yalitoka mazito kama asali ya masika. Plagi sita, koili mbili zilikuwa zimekufa. Air cleaner nilipoifungua, majivu ya miwa ya Kidodi yalinimwagikia kifuani. Wanaoishi karibu na mashamba ya miwa wanayajua, yale meusi yanayotua kwenye nguo zilizoanikwa. Gari ilihama, majivu hayakuhama.

Rejeta niliiflashi mara nne. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Nikajaza kulanti halisi, siyo maji ya bomba, nikajiona injinia mkuu wa taifa.

Siku nilipopiga starti... wakuu. Ikakohoa. Ikakohoa tena. Halafu ikakamata, ikatulia, kimyaaa, hadi nikaweka sikio kwenye boneti kuhakikisha haijafa. Nililia. Nasema ukweli, mtu mzima na ndevu zangu nililia, na jirani akaja kutoa pole akidhani kuna msiba.

Baada ya hapo nikaingiwa na wazimu wa urembo.

Taa za mbele zilikuwa njano kama macho ya mgonjwa. Dawa ya meno msijaribu, inang'aa siku tatu inarudi ilivyokuwa. Nilipiga msasa wa maji, namba mia nane, elfu moja na mia tano, mwisho elfu mbili, halafu polishi, halafu clear ya kupuliza. Zikawa kama za jana kutoka bandarini.

Rimu nikapuliza rangi ya moshi. Shoo ya mbele, ile grili ya puani, nyeusi ya kung'aa. Viti vya ngozi nilisugua kwa sabuni laini na kitambaa, nikavipaka glycerine ile ya mikono kwa siku kumi mfululizo, mipasuko ikalainika. Mbao za dashibodi nikazisugua hadi ukijitazama unaona kama una ndevu za kukodi.

Ikabaki dari.

Mnaomiliki magari ya umri huu mnajua. Kile kitambaa cha juu kilikuwa kimeachia, kinaning'inia kama chandarua, abiria wa nyuma wanakibeba kwa kichwa. Mafundi wa Morogoro walinitajia bei nikawashukuru kwa muda wao.

Nikawaza: kitambaa ni kitambaa. Nikaenda gulioni, nikanunua doti ya khanga, maruni yenye maua ya dhahabu, ikaendana na viti utadhani waliagizwa pamoja. Mke wangu alikuwa Munisagara kwao, kwenye mavuno, na mimi nilitaka iwe surprise kwa kila mtu. Nikashusha lile bodi la dari, nikabandika sponji nyembamba, nikavuta khanga, gundi ya kupuliza, nikarudisha. Shingo iliniuma siku tatu. Lakini ilipendeza, jamani. Ilipendeza!

Jumamosi ndoa ikafungwa asubuhi Kilosa. Bwana harusi akatangulia na rafiki zake, kina mama wa kwetu nao wakatangulia na basi dogo. Kwetu bibi harusi anasindikizwa na kungwi wake, kwa hiyo nyuma wakakaa Zuhura, ameinamisha kichwa ndani ya shela kama inavyotakiwa, na Bi Tatu, kungwi wake, mama mmoja mwenye mwili na maneno. Mbele pembeni yangu akakaa baba mdogo na kofia yake ya darizi. Alisema anakuja kama refa.

Tukaondoka. Injini inanong'ona. Bi Tatu hajatulia kwenye kiti akatazama juu, akacheka, akanipiga bega.

"Mwanangu, hii dari! Leo watatujua!"

"Asante Bi Tatu," nikasema, kifua mbele.

Akaendelea kucheka peke yake kilomita kama tano. Nikajua ni ubora wa kazi.

Kabla ya kufika Ulaya, kile kijiji cha njiani, siyo kwa wazungu, mshale wa joto ukaanza kupanda.

Kwanza nilijifanya sijauona. Ukapita nusu. Ukapita robo tatu. Jua la saa saba, kilima mbele, mgongo wangu umelowa. Baba mdogo naye akauona.

"Inachemka hiyo. Zima."

"Nikizima, baba, si ndiyo imezima njiani?"

"Ndiyo."

"Basi sizimi."

"Utaua injini!"

"Nikizima umeiua wewe Jumatatu."

Bi Tatu akaingilia kutoka nyuma: "Mtanisamehe, mimi nimebeba mtoto wa watu huku, siyo mkaa. Mnakubaliana lini?"

Hapo nikakumbuka kosa langu. Nilijaza kulanti nikafunga mfuniko, sikutoa hewa kwenye mfumo! Kuna mkuu mmoja humu aliwahi kueleza: ukiwasha heater ikapuliza baridi wakati injini ni ya moto, ujue hewa imenasa. Nikawasha heater. Baridi kabisa. Mkuu, popote ulipo, Mungu akupe watoto wenye adabu.

Nikasogeza gari pembeni palipo na mwinuko, pua ikatazama juu, injini inaunguruma. Heater mwisho, feni mwisho, nikakanyaga mafuta kidogo nikashikilia hapohapo. Mfuniko wa rejeta sikuugusa, na nyie msiuguse ikiwa ya moto, unaondoka wewe, sura inabaki hapo.

Dakika moja. Mbili. Mshale unagusa nyekundu. Midomo yangu inasoma kila dua ninayoijua na nyingine natunga.

Ghafla chini ya boneti pakasikika glugluglu, kama ng'ombe anakunywa maji, na heater ikatema moto wa kuchoma mahindi. Mshale ukaanza kushuka. Nikapiga kelele. Baba mdogo naye, refa, alipiga kelele, halafu akakumbuka yuko upande gani akakohoa.

Safari iliyobaki tulienda na heater imewashwa, vioo vyote chini. Zuhura aliyepambwa tangu alfajiri alisema neno moja tu kutoka ndani ya shela: "Kaka, nikifika nimekuwa supu nitakusema kwa mama." Lakini gari haikuzima.

Tukaingia Mikumi honi mfululizo, vigelegele mpaka barabara kuu, kina mama wameshika ngoma. Nikapaki mlangoni kwa kina Hemedi kama naegesha ndege.

Sasa kuna jambo sijawaambia. Mama yake Hemedi hakumtaka Zuhura. Alikuwa na binti mwingine aliyemchagulia mwanawe, na mwaka mzima alinuna. Wazee wakakaa naye, akalainika, na siku hiyo alikubali mwenyewe kuja kumpokea mkwewe mlangoni mwa gari. Kila mtu alikuwa anamwangalia yeye.

Akafungua mlango wa nyuma. Akainama aingie amshike mkono Zuhura. Akainua macho.

Akasimama hivyohivyo, amejikunja, anatazama dari. Halafu akasoma kwa sauti, neno moja moja, ngoma ikakatika:

"NUNENI... MPASUKE... MWENZENU... NIMEPENDWA."

Wakuu, nilitamani ile hewa ya rejeta iniingie mimi nilipuke.

Mwanaume ananunua khanga kwa rangi! Maandishi niliyaona, ndiyo, nilikuwa nimelala chali gundi inanidondokea machoni, kwangu yalikuwa pambo tu. Mimi mwenye B ya Kiswahili! Nimembandikia mama mkwe tusi juu ya kichwa cha mkwewe, kwa gundi isiyobanduka.

"Nani kaandika hivi?" akauliza. Taratibu. Ile taratibu ya kutisha.

Nikashuka. "Shikamoo mama."

Hakuitikia. Hapo nikajua ni zito.

"Ni mimi mama. Sikusoma. Wallahi sikusoma."

Bi Tatu akanigeukia mdomo wazi. "Hukusoma? Mimi nimejua mmekusudia! Nimekusifia njia nzima!"

Zuhura akaanza kulia ndani ya shela, na siyo kile kilio cha bibi harusi cha desturi. Baba mdogo kakaa mbele, hageuki, anakitazama kioo kama kuna taarifa ya habari.

Mama Hemedi akasema, "Ibandue."

"Sasa hivi?"

"Uliibandika mwenyewe, ibandue mwenyewe. Hapahapa."

Nikapanda kwenye kiti na viatu mkononi, mbele ya umati wote wa Mikumi, nikavuta. Kazi yangu ya siku tatu ilitoka na sauti kama ngozi inachunwa. Sponji ikanyesha kama ndege wananyonyolewa. Nikampa khanga kwa mikono miwili.

Akaikung'uta. Akaitazama kwa karibu. Akaikunjua, akajifunga kiunoni, maandishi yakakaa sawasawa kwa nyuma, akawageukia kina mama wa upande wetu, akawapa mgongo, akatikisa.

"Haya semeni! Nani kapendwa? Mwanangu kaniletea binti mpaka mlangoni, nimependwa mimi! Nuneni!"

Jamani! Ngoma ilipasuka. Bi Tatu alitoka kwenye gari na mwili wake wote akaenda kujibu mapigo, wakachezeana pale mpaka vumbi likafunika rimu zangu za rangi ya moshi. Mama Hemedi aliporudi jasho linamtoka, akamshika Zuhura mkono akamtoa, akamwambia, "Futa macho mwanangu, kaka yako mjinga lakini wewe ni wetu." Aliponipita mimi akasema, "Marahaba."

Ilikuwa salamu ya dakika ishirini nyuma, niliipokea kama kombe.

Tuliondoka alasiri, mimi na refa wawili tu. Hewa imetoka, mshale umelala nusu kama mtoto aliyeshiba. Njia nzima sponji inamdondokea baba mdogo kwenye kofia, anaipukuta, inadondoka nyingine.

Tukafika Kilosa magharibi inaadhiniwa. Nikaingiza gari uani, sijagusa funguo. Akanyoosha mkono wake, akazima yeye.

"Imezimia nyumbani," akasema. "Kadi iko kwa shangazi yako. Na kuku wangu mrudishie banda, siyo buti."

Ni yangu, wakuu. Ninaandika uzi huu nimekaa ndani yake.

Nilichojifunza: gari ya zamani usiiogope, ogopa haraka zako. Toa hewa kwenye mfumo kabla ya safari, siyo kilimani. Na kitu chochote utakachobandika juu ya vichwa vya watu, mpe kwanza mwanamke akisome. Mke wangu aliporudi kutoka Munisagara nilimuonyesha picha, alicheka akakaa chini, akaniuliza kama vyeti vyangu ni vya kweli.

Sasa nina dari ya bodi tupu na sponji inaendelea kunyesha. Mnaojua kitambaa kinachohimili joto, kisicho na herufi hata moja, kinapatikana wapi kwa upande wa Morogoro? Na kuna aliyewahi kuisafisha gundi hii bila kuharibu bodi? Karibuni, hata wa kunicheka wana nafasi.