Jua la Siku ya Nne

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nilishuka pwani kutoka bara nikiwa na suruali moja na brashi mbili, na kabla mvi hazijaanza nilikuwa nimeandika nusu ya mji wa Kilifi. Maduka, hoteli za Bofa, malori ya Mariakani, hata ubavu wa mashua za Ngomeni. Ukiona herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride, jua ni mkono wangu. Matapeli nimewaona. Mteja aliyekataa kibao chake kwa sababu kunguru alikinyea kabla hakijakauka nimemwona. Nikajiambia hakuna kilichobaki cha kunishtua.

Kitu kimoja tu hakuna aliyekijua. Sikujua kusoma. Shule niliiacha darasa la pili, herufi hazijakaa kichwani. Mteja aliniletea maneno yake kwenye karatasi, nami nikayanakili kama mtu achoraye kikombe au samaki, kila herufi na umbo lake. Nikimaliza namwambia, "Soma mwenyewe uone kama umeridhika." Nani angemshuku mtu aliyeuandika mji?

Sasa, kanisani kwetu watoto wa shule ya Jumapili walikuwa na mwalimu wao, mama mmoja wa bara kama mimi, muuguzi. Mwaka ule hospitali ikampangia zamu za Jumapili mfululizo. Akanijia pale ninapofanyia kazi.

"Fundi, sikukuu ya mavuno imekaribia. Wafundishe watoto uumbaji kwa rangi. Siku sita, picha sita, wazazi waje waone."

"Umekuja mahali penyewe," nikamwambia. "Nitafundisha hadi wewe mwenyewe uje kukaa mkekani na watoto."

Na kweli nilijipanga. Rangi ya mafuta si ya kumpa mtoto aliyevaa nguo ya kanisani, kwa hiyo nilitengeneza zangu. Manjano ya jikoni, bluu ya kufulia, udongo mwekundu, mkaa, kisamvu kilichotwangwa, chokaa. Vyote nikavikoroga na uji mwepesi wa muhogo ili vishike. Mifuko ya saruji niliipasua nikatoa karatasi za ndani, zile safi. Brashi nilifunga za makumbi ya nazi. Sheria yangu ilikuwa moja: hata nyumba ikiungua, osha brashi kwanza.

Jumapili ya kwanza nikaifungua Biblia mezani penye utepe aliouacha mwalimu. Ilikuwa ya kupamba meza tu. Nikapaza sauti kama mhubiri: "Siku ya kwanza, Mungu aliumba jua!" Kwa nini jua? Kwa sababu manjano ndiyo iliyokuwa imekolea bakulini, na watoto hupenda jua.

Miongoni mwao alikuwamo binti wa Kigiriama, miaka tisa hivi, ambaye mama yake aliuza mihogo ya kukaanga penye foleni ya feri. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa wote. Alikuwa amesimama kando ya meza akikoroga, macho kwenye ile Biblia.

"Fundi," akasema, "hapa jua ni siku ya nne."

"Koroga rangi, mama."

"Lakini imeandikwa. Siku ya kwanza ni nuru tu. Jua bado."

"Nuru bila jua itoke wapi? Unasoma vibaya."

"Sisomi vibaya. Soma wewe."

Hakuwa na ufidhuli hata chembe. Alikisukuma kile kitabu kwangu kwa mikono miwili, kama anipaye maji. Watoto wote wakaacha kukoroga wakingoja. Nilizitazama zile herufi, ndogo kama sisimizi, na jasho likanitoka kwapani. Nikasema neno ambalo hadi leo nalijutia. Nikasema, "Wewe mtoto ni mwongo. Toka nje."

Hakulia. Aliosha brashi yake kwanza. Akaikung'uta, akaisimamisha nyuzi zikitazama juu kama nilivyowafundisha, ndipo akatoka.

Jumapili iliyofuata hakuja. Wenzake walichora, lakini kila mmoja alinitazama usoni kabla ya kuchovya brashi, kama apitaye karibu na mbwa asiyemjua. Jua lao la siku ya kwanza likatoka dogo, limejikunja pembeni. Nikajua nimeharibu kitu ambacho chokaa haitakifunika. Yule binti asiporudi, basi nimemfundisha kwamba kusoma ni kosa. Mimi, kati ya watu wote!

Jumatatu nikaichukua ile Biblia, nikamfuata muuguzi hospitalini. "Nisomee pale penye utepe," nikamwambia. "Miwani yangu imevunjika."

"Fundi, huna miwani."

"Basi macho."

Akacheka kidogo. "Wagonjwa wangapi nimewaona wakishika cheti cha dawa kama unavyoishika Biblia? Mimi nimejua zamani. Nilidhani rangi itakutosha, hutahitaji kusoma. Keti."

Hapo ndipo mtu asiyeshangazwa alishangaa. Na si kwa sababu muuguzi aliijua siri yangu tu. Alisoma, nami nikasikiliza mpaka mwisho, mara ya kwanza maishani bila mhubiri kunikatiza. Nuru kwanza. Kisha juu kukatengwa na chini. Kisha nchi kavu na mimea. Ndipo jua, mwezi na nyota; ndipo samaki na ndege; wanyama na mtu mwisho kabisa. Nikapiga paja.

"Hii si ndiyo kazi yangu! Unapaka nyeupe ya chini kwanza, ubao wote ung'ae. Unagawa juu na chini. Unaweka vilivyosimama. Vinavyokwenda unaviweka mwisho, la sivyo utavifuta kwa kiwiko!" Miaka ishirini nafanya kazi kwa utaratibu ule, halafu mtoto ananionyesha, namwita mwongo.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja penye feri. Foleni ilikuwa ndefu, watu wanakula mihogo. Mama yake alinipokea kwa heshima, lakini hakunikaribisha kigoda.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nimemfuata binti."

"Mwanangu ana makosa mengi. Uongo sikumfundisha."

Binti alikuwa nyuma ya karai akimenya, hakuinua kichwa. Nilijua nikisema pale, kibao changu cha mwisho nimeshakiandika. Nikasema.

"Mwanangu, ulisema kweli. Mimi ndiye niliyesema uongo. Sijui kusoma."

Mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa kwenye foleni, akakohoa pilipili. "Ala! Na kibao changu, fundi? Umeniandikia nini?"

"Ulichonipa. Kama ulinipa matusi, ni ya kwako."

Watu wakaangua kicheko. Binti hakucheka. Akaweka kisu chini.

"Kwa hiyo hukukasirika kwa ajili ya jua?"

"Niliogopa."

Akafikiri. "Bibi yangu anasoma ngumbaru, darasa la watu wazima, shuleni kwetu, saa kumi. Ni mkubwa kuliko wewe na haogopi. Wewe nenda ngumbaru, mimi nije Jumapili."

"Utanifuatilia?"

"Bibi ataniambia."

Na bibi alikuwa akimwambia, haki ya Mungu, kila jioni. Niliketi nyuma yake, akigeuka kunizomea nilipoishika penseli kama brashi.

Siku ya mavuno tulitundika karatasi sita kwenye kamba. Ya kwanza aliipaka yule binti: chokaa tupu, na manjano kidogo sana, ikang'aa kutoka kila upande. Mzee mmoja wa kanisa akaisogelea. "Jua liko wapi?"

"Bado, babu," binti akamjibu. "Ngoja siku ya nne."

Chini yake niliandika mimi: NURU. Nimeandika maneno mengi maishani, hilo ndilo la kwanza nililolijua.

Watu sokoni walisema kukiri kule kutanigharimu jina na kazi. Mwenye duka la vitambaa alirudi kabla ya Krismasi kutaka kibao kikubwa zaidi. Nami ni mtu wa hesabu, kwa hiyo niseme gharama yenyewe. Daftari, shilingi mbili na senti sitini. Penseli, shilingi moja. Wembe wa kuichongea, senti hamsini. Shilingi nne na senti kumi.