Mawese ya mwisho Rugenge

Leo nimefanya kazi yangu vizuri, na ninajuta.

Miye ndiye napanga kazi kwenye kiwanda chetu ya sabuni, hapa Rugenge. Vita imefunga barabara, tulibakia na pipa moja tu ya mafuta ya mawese.

Kwa tableau, ubao ya kazi, niliandika: saa mbili, kupika.
Saa mbili kamili tukamwanga soude, ile dawa kali ya sabuni, ndani ya mawese yote kwenye sufuria.

Baada ya dakika kumi, wamama wa kukata sabuni wakaingia na mabidoni, madumu tupu ya mafuta.
"Chef, leo tusipike. Utugawie mawese, watoto iko na njaa."

Nikaangalia sufuria. Mafuta ya soude muntu hawezi kula.

Mumoja wao, Mama Nabintu, akaniuliza polepole: "Haukuweza kungoja?"

Ninyi wenye munasoma, munitukane tu hapa.
Kila mama atapata sabuni ya kunawa mikono.
Kabla ya kula nini?